Kipande cha shilingi 100 ndo rahisi kuliko cha 1,000?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mwalimu wa sekondari hapa Moro, nina laki tano ambayo siihitaji kwa miaka kama mitano hivi. Nasikia wanaopata hela kwenye hisa ni wale wanaonunua zikiwa chini ya thamani yake, ila kusoma mahesabu ya makampuni siwezi, ndo maana nataka nipitie mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ile ambayo watu wengi wanachanga hela, meneja anawawekezea, na kila mtu anashika vipande vyake. Sasa kuna mfuko kipande chake kimezidi 1,000 na kuna mwingine mpya umeanza na 100. Si ninunue huo wa 100 maana bado uko chini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapana, na hapa naomba unielewe vizuri maana wengi sana wanaingia kwa hesabu hiyo hiyo. Bei ya kipande ni mali yote ya mfuko ukitoa madeni na gharama, halafu ugawanye kwa idadi ya vipande, basi. Mara nyingi cha 1,000 ni cha mfuko uliokaa miaka ukakua, cha 100 ni cha mfuko ulioanza juzi. Laki tano yako ikipanda asilimia 10 unapata elfu hamsini, uwe umeshika vipande 500 au 5,000.

Urahisi unaoutafuta uko ndani, kwenye hisa ambazo mfuko umezinunua, na hisa zenyewe usizipime kwa bei tupu. Chukua benki ya CRDB, waliuza hisa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 kila moja, miaka kumi baadaye pale DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, ilikuwa inacheza karibu na 100, watu wengi wameshaikatia tamaa, lakini benki ilikuwa inatengeneza faida na kwa mwaka 2019 ikatoa gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, la shilingi 17 kwa kila hisa. Yaani umeweka 100 unapewa 17 kwa gawio peke yake, niambie akaunti gani ya akiba inatoa hivyo! Gawio la mwaka 2023 likafika shilingi 50, na bei nayo ikapanda mara kadhaa. Hiyo ndo hisa iliyokuwa chini ya thamani yake.

Shida ni kwamba hisa inashuka kwa sababu mbili tofauti na kwa nje zinafanana kabisa: soko limechoka na kampuni nzuri, au kampuni yenyewe inaoza kweli, mauzo yanapungua, madeni yanapanda, gawio limekatwa. Kutofautisha hizo mbili ndo kazi unayomlipa meneja wa mfuko, na kwa mtu asiyesoma mahesabu naona hela hiyo ni halali yake kabisa.

Ila chagua mfuko wenye hisa ndani jamani! Kwa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayoendesha mifuko ya aina hii, mfuko wa Umoja ulioanza 2005 unachanganya hisa na hati fungani (hela unayokopesha serikali au kampuni kwa riba), lakini wa Ukwasi sio wa hisa, kwahiyo ukiweka huko halafu usubiri hisa zilizolala ziamke utasubiri sana. Omba waraka wa mfuko, angalia asilimia ngapi inaenda kwenye hisa na unakatwa ngapi ukitoka, halafu chukua ripoti ya mwaka uone kampuni zenyewe ni zipi.

Miaka mitano ni sawa, pungufu ya hapo ningekukataza, soko letu ni dogo na hisa inaweza kukaa chini ya thamani yake miaka mingi bila mtu kuigusa. Mi ningekushauri usiweke laki tano yote siku moja, gawa uwe unaweka kila mwezi ili bei ikishuka nawe unapata vipande vingi zaidi.

Na kabla hujatuma chochote hakikisha mfuko una leseni ya CMSA, mamlaka ya serikali inayosimamia masoko ya mitaji, na hela inaingia kwenye akaunti ya mfuko, wakala akikwambia tuma kwenye namba yake ya simu achana naye hapo hapo.