Msumeno wa Mnyororo Unaowaka kwa Taabu

SWALI: Msumeno wangu ulikaa stoo miezi minne ukiwa na petroli ndani ya tangi. Sasa navuta kamba hata mara ishirini ndipo uwake, na nikiupiga resi unakohoa na kuzima. Hutulia kidogo choki ikiwa imefungwa nusu. Fundi ameshauri turekebishe skrubu za kabureta. Je, nikubali?

JIBU: Tafadhali usikubali kwa sasa. Hilo la choki, ulilolitaja kama jambo dogo, ndilo linaloufichua ugonjwa wenyewe, kwa sababu choki hupunguza hewa inayoingia, na injini inayopata nafuu hewa ikipunguzwa ni injini inayokosa petroli ya kutosha. Skrubu zilikuwa sawa ulipouweka msumeno na hazikujigeuza zenyewe. Kilichobadilika ni mafuta.

Petroli ikikaa muda mrefu, sehemu yake nyepesi inayoshika moto upesi huruka, na mabaki yake huganda kama gundi katika vijitundu vya kabureta. Imwage yote, kisha uchanganye mpya na oili ya injini za tu-stroki kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha mashine yako. Kwa misumeno mingi ya sasa ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli.

Tangi likiwa tupu, chukua waya uliokunjwa ncha na uvute mpira wa mafuta hadi kichujio chake kitokeze mdomoni mwa tangi. Kikiwa cheusi na kigumu, kibadilishe. Upinde mpira huo polepole karibu na maungio, kwani ufa mwembamba usioonekana mpira ukiwa umenyooka hutosha kuingiza hewa. Plagi nayo ifunguliwe: ikiwa kavu baada ya kuvuta kamba mara nyingi, ni uthibitisho kwamba petroli haifiki.

Hali isipobadilika, fungua kabureta uuguse utando wake wa mpira. Ulio mzima ni laini na hunyumbuka, ilhali uliokakamaa haupampu tena mafuta ipasavyo na hauna dawa ila kubadilishwa. Safisha pia kichujio cha hewa na wavu wa ekzosi. Skrubu zigeuzwe mwisho kabisa, na mtu mwenye uzoefu.

Nakusihi usiendelee kukata miti kwa msumeno huo ukiwa katika hali hii. Katika injini ya tu-stroki, oili inayolainisha pistoni husafiri ndani ya petroli, hivyo petroli ikipungua, ulainishaji nao hupungua huku joto likizidi. Kama tayari umeufanyia kazi nzito, subiri upoe, toa ekzosi, na umulike pistoni kwa tochi kupitia tundu lililo wazi. Ukiona mikwaruzo ya wima, matengenezo ya kabureta pekee hayatatosha.