Muulize Mwalimu wa Data: Nianze na takwimu au nianze na kodingi?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi niko kwenye mradi mmoja wa kilimo huku Morogoro, kazi yangu kuingiza data za wakulima kwenye Excel na kila mwisho wa robo natoa ripoti. Sasa bosi anataka tujifunze R, ile lugha ya kompyuta ya kuchambua data, wenzangu ofisini wanasema bora lugha nyingine, Python, na jamaa yangu ananiambia usiguse hivyo vitu kabla hujasoma takwimu ukamaliza. Hesabu form four nilipata F, sikufichi. Nianzie wapi? — Mwenye F, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo jamaa yako ana nia njema ila ushauri wake ungekuchelewesha, maana takwimu hakuna anayezimaliza, na ukisema usome kwanza zile fomula zote ndo uje kwenye kompyuta utakata tamaa ukiwa bado unatafuta kipeuo cha pili kwa kalkuleta. Soma vyote kwa pamoja. Tena kwa mtu wa F kama wewe kompyuta ndo mkombozi, kwa sababu inakuonyesha kitu kwa macho kabla hujaambiwa fomula yake.

Ngoja nikuonyeshe. Ukishainstoo R kuna data zinakuja nazo humohumo, huhitaji kudaunlodi kitu. Mojawapo inaitwa faithful, ni kumbukumbu za Old Faithful, ile chemchemi ya maji moto iliyoko Yellowstone kule Marekani, ambayo inarusha maji juu halafu inatulia halafu inarusha tena. Kuna mistari 272, kila mmoja una muda ambao maji yaliruka na muda ambao watu walisubiri mpaka mruko unaofuata. Andika hivi:

mean(faithful$waiting)

Itakujibu 70.9, yaani wastani wa kusubiri ni kama dakika 71. Mtu wa Excel anaishia hapo, anaweka kwenye ripoti, anaenda kula. Sasa andika na hii:

hist(faithful$waiting)

Utaona milima miwili. Mmoja uko kwenye dakika hamsini na kitu, mwingine mkubwa zaidi uko kwenye themanini, na katikati kuna bonde. Kati ya dakika 65 na 70 kuna mara 10 tu katika zote 272, wakati kati ya 75 na 80 kuna mara 54. Yaani ule wastani wako umedondokea pembeni ya bonde, sehemu ambayo chemchemi yenyewe haipendi kukaa! Halafu malizia na plot(faithful) utaona sababu: maji yakiruka kwa muda mfupi, chini ya dakika 3, kusubiri kunakuwa kama dakika 54, na yakiruka kwa muda mrefu kusubiri kunafika kama 80. Kwahiyo mtalii akikuuliza atasubiri muda gani, jibu zuri unamrudishia swali, mruko uliopita ulichukua muda gani?

Amri tatu tu hizo na umeshajifunza wastani, mtawanyiko na uhusiano wa vitu viwili. Na kwenye mradi wenu ni hivyohivyo, wastani wa mavuno ya wanaomwagilia na wasiomwagilia ukiuchanganya unapata mkulima ambaye hayupo kijijini.

Kuhusu R au Python, mi naona watu wanagombana bure. R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya tisini mwanzoni, na kufundishia wanafunzi takwimu ilikuwa sehemu ya nia yao, ndo maana mambo ya wastani na grafu yamo ndani tangu mwanzo. Python ya Guido van Rossum ilitoka 1991 kama lugha ya kazi zote, ukitaka kuchambua majedwali unaongezea kifurushi kinachoitwa pandas. Kwa kazi yako ya ripoti chukua R. Kama una ndoto za kutengeneza mifumo na aplikesheni, chukua Python. Ila chagua moja ukae nayo mwaka, ukihamahama kila ukikwama utakuwa mtaalamu wa kuinstoo programu.

Na jambo ambalo vitabu vingi vinalipitia juujuu: muda wako mwingi utaenda kwenye kusafisha data. Ukifungua faili la wakulima andika table(data$jinsia) utashangaa, utakuta "Me", "ME", "me", "Mme", "mwanaume", na kuna "Me" nyingine ina nafasi nyuma yake huioni kwa macho ila R inaihesabu kama jinsia ya peke yake. Kwenye umri ndo balaa, wadodosaji wengi mtu asiyejua umri wake wanamwandikia 999. Chukua watu 9 wenye miaka 30 kila mmoja na mmoja wa 999, wastani unakuwa 126.9, kijiji kizima ni wazee wa enzi za Mjerumani, wakati mediani, yaani yule wa katikati ukiwapanga kwa mstari, bado ni 30. Hapo ndo utaelewa mediani ipo kwa kazi gani, na hutaisahau.

SWALI: Habari mwalimu. Niko mwaka wa mwisho kilimo, nimefanya jaribio la mbolea mbili kwenye mahindi, ploti 20, kumi mbolea mpya na kumi ya zamani, nilipanga kwa kura. Mbolea mpya imezaa zaidi lakini pii valyu imekuja 0.06. Supavaiza anasema haifai mpaka iwe chini ya 0.05, na mwenzangu kanishauri nitoe ploti mbili zilizozaa vibaya itashuka. Nitoe? Na hii pii valyu ni nini hasa maana mi naibonyeza tu. — Niko Njia Panda, Mbeya

JIBU: Usitoe. Huko ni kuchakachua, hata kama kunafanyika kwa laptopu. Ploti inatolewa kama kuna sababu iliyotokea shambani, mfano ng'ombe waliingia wakala, na unaiandika kwenye ripoti wazi kabisa, sio kwa vile namba yake imekuudhi.

Sasa pii valyu. Achana na fomula kidogo. Tuseme mbolea mpya haina lolote jipya, zile ploti 20 zingezaa kilo zilezile hata ungebadilisha mbolea, na majina "mpya" na "zamani" ni lebo tu. Basi changanya lebo upya kwa bahati nasibu, kokotoa tofauti ya wastani, changanya tena, kokotoa tena, mara elfu kumi. Kwa mkono ungezeeka, kwa R ni hivi (kilo ni mavuno ya ploti zako, kumi za mwanzo ziwe za mbolea mpya, na ndiyo, majina unaweza kuyaweka kwa Kiswahili haina shida):

yetu <- mean(kilo[1:10]) - mean(kilo[11:20])
tofauti <- replicate(10000, {m <- sample(kilo); mean(m[1:10]) - mean(m[11:20])})
mean(abs(tofauti) >= abs(yetu))

Mstari wa mwisho unahesabu ni mara ngapi bahati peke yake imeleta tofauti kubwa kama yako au kuizidi. Ikiwa mara 600 hivi kati ya 10,000, hiyo ndo 0.06 yako. Haitalingana sawasawa na ile ya kwanza lakini zitakuwa jirani. Angalia haisemi kwamba kuna asilimia 6 ya mbolea kuwa haifanyi kazi, hapo wengi wanateleza, hata wenye digrii zao.

Na hiyo 0.05 haikushuka kutoka mbinguni. Ronald Fisher, aliyekuwa anachambua majaribio ya mashamba kama yako kule Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1920, aliitumia kama mpaka unaomfaa, watu wakaigeuza sheria. Mwaka 2016 chama cha wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko kwamba uamuzi usitegemee tu pii valyu imevuka mpaka au haikuvuka. Kwahiyo kwenye ripoti andika tofauti ni kilo ngapi, weka na kiwango cha shaka yake (amri ya t.test inakupa chini na juu), andika 0.06 kama ilivyo, na sema ploti 20 ni chache. Supavaiza usibishane naye kwa mdomo, mpelekee grafu ya zile tofauti elfu kumi, andika hist(tofauti), na mstari mwekundu pale ilipo ya kwako, abline(v = yetu, col = "red").

SWALI: Laptopu yangu ni RAM 4, bando la shida. Nitaweza? Na si siku hizi akili bandia inaandika kila kitu? — Dada wa Tanga

JIBU: RAM 4 inatosha kabisa kwa kujifunzia dada yangu. R yenyewe haifiki mega 100, ishushe mara moja kwenye waifai ya bure, na maelezo yake yako ndani, ukiandika ?median inakueleza bila intaneti. RStudio, ile programu ya kuandikia amri za R kwa urahisi, ni nzito kidogo, iache kwanza kama mashine inasota. Anaconda, lile furushi kubwa la Python, kwa bando lako usiiguse, na Colab, ile ya Google ya kuandikia Python mtandaoni, inataka uwe hewani muda wote.

Akili bandia itumie, mi mwenyewe naitumia nikisahau mabano. Lakini ukiipa lile faili lenye umri 999 usipoikagua inaweza kukupa wastani wa miaka 126 na maelezo matamu juu yake, na ripoti ina jina lako wewe. Ikikuandikia amri, ijaribu kwanza kwa watu watano ambao jibu lao umelikokotoa kwa peni.