Usitume hiyo dhamana! Chumba kisicho na usajili Leipzig kilinikausha

USITUME HIYO HELA. Nimesoma mara mbili pale ulipoandika "jamaa ana chumba Leipzig euro 290 kwa mwezi, dhamana 600 nimtumie kabla sijafika, ila kasema pale siwezi kujiandikisha, ntajiandikisha mbele ya safari" nikaacha chakula mezani nije nikujibu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi 2021, mji huo huo wa Ujerumani.

Nilifika mwisho wa Septemba kusoma chuo. Mwenyeji wangu alikua Mbongo mwenzetu, kaka mkubwa wa grupu la WhatsApp, kila mgeni anaelekezwa kwake. Nyumba ya kushea, watu wanne, jiko moja, choo kimoja, dirisha langu linaangalia njia ya tramu. Nikampa 600 taslimu mkononi bila risiti, maana utamdaije risiti mtu aliyekupokea stesheni na kukupikia wali usiku wa kwanza? Nikamuuliza kuhusu kujiandikisha anuani, ile wenyewe wanaita Anmeldung, sababu nilishasoma kwamba inatakiwa ndani ya wiki 2 tangu uhamie. Akacheka. Akasema "mdogo wangu usikimbilie makaratasi ya Wajerumani, ukijiandikisha tu wanaanza kukukata ada ya redio na TV euro 18.36 kila mwezi, tulia kwanza uzoee". Na mimi nikatulia.

Hiyo ada ipo kweli, lakini ni MOJA kwa nyumba nzima, siyo kwa kichwa. Mkiwa wanne mnachanga haifiki hata euro 5 kila mtu. Yaani alinitisha na euro 5!!

Sasa sikiliza kilichofuata, na usiruke hapa ukakimbilia mwisho. Ile akaunti iliyozuiwa ya viza, Sperrkonto, unayoijaza hela ya kujikimu mwaka mzima ndo upewe viza ya mwanafunzi, mwaka ule ilikua euro 10,332, mzee wangu aliuza kiwanja Kibaha kuijaza. Inatoa 861 kila mwezi, ila haikupi mkononi, inataka akaunti ya kawaida ya Ujerumani ndo imwage humo. Benki ya kwanza ikataka cheti cha usajili wa anuani, sina. Ya pili, ya mtandaoni, ikakubali, ila kadi na namba ya siri vinakuja kwa posta. Na posta ya huku siyo kama unavyodhani, nyumba nyingi za ghorofa hazina namba za vyumba, tarishi anaangalia jina lililobandikwa kwenye sanduku la barua, jina halipo barua inarudi ilikotoka. Jina langu halikuepo. Kila nikitaka kulibandika kaka anasema subiri, subiri, ntakutengenezea zuri. Kadi ya benki ikarudi. Kadi ya bima ya afya ikarudi. Novemba nzima nilikula kwa mkopo wa Mkenya tuliyekua tunaishi nae humo ndani, Mungu amzidishie, huku nina hela ya mzee zaidi ya milioni 25 za kibongo imekaa inaniangalia.

Desemba ndo nikajua kisa. Mwenye nyumba hakua na habari kwamba mimi naishi pale. Mpangaji mkuu akitaka kupangisha chumba kwa mtu mwingine anatakiwa aombe idhini, kaka hakuomba, kwa hiyo jina langu kwenye sanduku au kwenye karatasi yoyote lingemchoma. Mimi ndo nilikua siri yake na mimi ndo nilikua nailipia kodi hiyo siri. Januari mwenye nyumba akaandika barua kali, kaka akaniambia hadi Jumapili niwe nimetoka. Dhamana? "Imeingia kwenye matengenezo ya jiko." Jiko gani? Nina mkataba wa kumuonyesha? Nina risiti? Nilimpa taslimu! Nikaenda hosteli ya wasafiri, chumba cha vitanda 8, wiki tano, nafanyia mazoezi ya takwimu kitandani watu wanavuta mabegi juu ya kichwa changu saa 9 usiku.

Na bado. Viza yangu ilikua inaisha 25 Machi, ofisi ya uhamiaji wanataka uonyeshe umesajiliwa mji huo. Nilipata chumba kwenye mabweni ya Studentenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, mwanzoni mwa Machi, nikajiandikisha tarehe 14, siku 11 kabla ya viza kuisha. Yule mama wa dirishani kwenye ofisi ya usajili angeweza kunipiga faini, inafika hadi euro 1,000, alinitazama usoni muda mrefu kisha akagonga muhuri. Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Kaka, kama unapita hapa unasoma: sikuchukii kwa 600. Nakuchukia kwa kuwa ulijua. Ulijua kuwa mgeni hajui, ukatumia wali na Kiswahili kunifunga mdomo, na nasikia bado unapokea watoto stesheni.

Na nyie mtakaokuja chini kusema "ungesoma sheria", sawa mawakili, mimi nilikua na miaka 23 na begi la kilo 23, tupeni majina yenu tuwape wanaofuata.

Mdogo wangu, shika hili moja: kabla hujatoa hata senti, muulize "utanisainia Wohnungsgeberbestätigung?" Nakili neno hivyo hivyo ulivyoliona umtumie. Ni karatasi ya ukurasa mmoja inayosema fulani amehamia kwangu tarehe fulani, tangu Novemba 2015 huwezi kujiandikisha bila hiyo. Asikudanganye kwamba lazima asaini mwenye jengo, mpangaji mkuu anayekupangisha wewe anaweza kuisaini mwenyewe, dakika 5 na haina gharama. Kwa hiyo akikataa, mara nyingi kuna mtu anafichwa, na utakayekua unafichwa ni wewe. Usimkubalie hata kama chumba ni kizuri, hata kama ni mtu wa kwenu kijijini, hata kama anasema kuna watu watano wanakisubiri. Mwache awape hao watano. Na dhamana itoke kwa benki kwenda benki, mkataba ukiwa umesainiwa, isizidi kodi ya miezi 3 bila gharama za joto na maji. Mkataba hauna? Funga mazungumzo. Bora ulale hosteli ya wasafiri wiki tatu za kwanza ukitafuta kwa miguu, nimelala huko najua ninachosema, na maombi ya Studentenwerk weka LEO, foleni yake ni ndefu.

Uliuliza pia mambo ya koti na unga na sijui nini kingine. Unga upo maduka ya Waafrika, usibebe.

Ila hujasema kitu kimoja: hizo 600 bado unazo au ushatuma? Jibu hilo kwanza, nipo hapa.