Je, kuchapa nakala nyingi kunashusha thamani ya kazi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, na nimekulia kwenye karakana ya ami yangu, fundi wa milango ya nakshi. Siku hizi nachonga lino, lile zulia laini la sakafuni, na kuchapa picha za wavuvi waliobanwa na ujenzi wa bandari. Ami anasema kitu kinachotoka mara mia si sanaa, na kwamba siasa huharibu mkono wa fundi. Toleo lililopita ulimtaja Elizabeth Catlett. Alikuwa nani, na kwa nini alihama kwao? Halafu, mbona maandishi yangu hutoka kinyume?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ami yako namheshimu, lakini kwa hili sikubaliani naye hata kidogo.

Catlett alikuwa msanii mweusi wa Marekani, mchapaji wa picha. Alizaliwa Washington mwaka 1915, mjukuu wa watu waliokuwa watumwa. Chuo kimoja cha Pittsburgh kilimkatalia nafasi kwa kuwa ni mweusi, akasoma Chuo Kikuu cha Howard, kisha cha Iowa, ambako mwalimu wake, mchoraji Grant Wood, alimhimiza achore anachokijua zaidi. Alichokijua ni wanawake weusi wa kwao. Mwaka 1946 alipata ufadhili wa kwenda Meksiko, akajiunga na Taller de Gráfica Popular, karakana ya kuchapa picha iliyoanzishwa 1937 na Leopoldo Méndez na wenzake. Pale akaolewa na mchapaji mwenzake, Francisco Mora, na nyumba yake ikawa huko.

Hapo ndipo lilipo jibu la kumpa ami yako. Wale watu walichapa mabango na vikaratasi kwa ajili ya vyama vya wafanyakazi na kampeni za kufuta ujinga. Walichagua lino kwa sababu bei yake ni rahisi, huchongeka upesi, na kipande kimoja hutoa nakala nyingi, hata mtu asiye na pesa anaweza kuwa nayo moja ukutani. Wingi ule ndio uliokuwa shabaha. Mlango wa mbambakofi hukaa kwa tajiri mmoja. Sisi wengine tunaupita njiani.

Na usidhani kazi ililegea. Itafute picha yake ya mwaka 1952 iitwayo Sharecropper, ya mwanamke anayelima shamba la mwenye ardhi na kulipa kwa sehemu ya mavuno. Amevaa kofia pana ya majani, koti limeshikizwa kwa pini. Tunamtazama kutoka chini, kwa hiyo mkulima maskini anasimama juu yetu. Angalia mikato ya shingoni na usoni: mifupi, myembamba, kila mmoja ukifuata umbo la mfupa. Mwonyeshe ami yako mikato hiyo. Fundi wa patasi hahitaji kuelezwa.

Siasa zilimgharimu kweli. Alikamatwa Meksiko wakati wa mgomo wa wafanyakazi wa reli. Alipochukua uraia wa Meksiko mwaka 1962, Marekani ilimhesabu mgeni asiyetakiwa na kumnyima viza. Mwaka 1970 ilibidi awahutubie kwa simu wasanii weusi waliokutana Evanston, Marekani. Mwaka uliofuata ndipo aliporuhusiwa kuingia, kwa maonyesho yake mwenyewe Harlem, New York. Hilo huniuma kila nikilisoma, kwa sababu watu aliowachora miaka yote walikuwa upande ule wa mpaka. Uraia wa Marekani alirudishiwa 2002, akafariki Cuernavaca, Meksiko, mwaka 2012. Alikuwa pia mchongaji wa sanamu, na mwanamke wa kwanza kufundisha fani hiyo kwenye chuo cha sanaa cha taifa cha Meksiko.

Kuhusu maandishi: karatasi hulalia lino kifudifudi, ndiyo maana kila kitu hugeuka. Andika kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, igeuze juu ya lino, sugua mgongoni kwa kijiko, kisha chonga kama ilivyokaa. Usitie wino mzito; ukijaa kwenye mikato, macho ya wavuvi wako yataziba. Nakala ya kwanza mpe mvuvi uliyemchora.