Mishipa, mishipa ya fahamu au neva?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mdogo wangu anasumbuliwa na miguu tangu akiwa shule ya msingi. Juzi daktari wa Mbeya mjini alituambia, "Mishipa imeharibika, ni ugonjwa wa kurithi." Tuliporudi Tukuyu, baba mkubwa akasema basi damu haipiti, akaanza kumkanda kwa maji ya moto kila jioni. Shangazi yeye akadhani ni ngiri. Neno sahihi ni lipi? Na ugonjwa unarithije?

JIBU: Marahaba. Daktari hakukosea, ila neno mshipa limebeba mengi. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, na wengi wetu hata ngiri tunaiita mshipa. Ukilitaja peke yake, kila mtu analimalizia kwa analolijua.

"Mishipa ya fahamu" ni afadhali, kwa kuwa ndiyo inayopeleka habari kati ya ubongo na viungo. Lakini fahamu tuliyoizoea ni ile ya mtu aliyezimia, na wapo watakaosikia hivyo wakadhani mdogo wako kaguswa akili. Kwa hiyo mimi nachagua neva, neno lililomo tayari kwenye kamusi zetu. Sema "neva imeharibika", zikiwa nyingi "neva zimeharibika". Zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo huitwa neva za pembeni. Zile ndefu, zinazofika nyayoni, ndizo huumia mapema. Ndiyo maana mtu hukwaa mara kwa mara, au kandambili humvuka njiani asijue.

Hapo kwenye kutojua ndipo nakuomba umwite baba mkubwa umsomee. Mguu ambao neva zake zimeharibika unaweza kuungua bila kusikia maumivu. Kukanda huko kusimame mpaka mmuulize daktari. Maji ya kuoga ayapime mtu mwingine kwa kiwiko, na baridi ya Tukuyu isiwafanye mkamsogezea miguu kwenye jiko la mkaa.

"Ugonjwa wa kurithi" ni Kiswahili safi. Maji ya kunywa hayanywi kitu, sisi ndio tunayanywa. Vivyo hivyo ugonjwa haurithi, mtu ndiye anaurithi. Ila urithi huu haungoji msiba kama ule wa shamba: mtoto huzaliwa nao, mzazi akiwa hai. Katika aina nyingi, mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 kuupata, hivyo katika nyumba moja mmoja anaweza kuwa nao na nduguye asiwe nao.

Mkikuta kwenye cheti jina Charcot-Marie-Tooth, ambao ndio unaojulikana zaidi kati ya magonjwa ya neva ya kurithi, msilitafsiri hilo la mwisho kuwa jino. Ni majina ya madaktari watatu walioueleza mwaka 1886, Charcot na Marie wa Ufaransa na Tooth wa Uingereza. Meno ya mdogo wako hayahusiki.