Pampu ya insulini inapogoma usiku bwenini

Dada muuguzi, umeuliza ufanye nini iwapo pampu ya insulini (kifaa kidogo kinachoingiza insulini mwilini mfululizo) ya mwanafunzi wako wa bweni mwenye kisukari hapo Tabora itapiga kengele usiku, ilhali wewe umezoea insulini ya sindano.

Zingatia kwanza kwamba pampu hutumia insulini ya haraka pekee, kwa hiyo mrija ukijikunja, au kanula (kijibomba chembamba kinachoingia chini ya ngozi) ikichomoka kwa sababu jasho limebandua plasta, mwilini hakuna akiba yoyote ya insulini ya muda mrefu, na ketoni (asidi ambazo mwili hutengeneza unapokosa insulini) zinaweza kupanda ndani ya saa chache. Sukari ya damu ikizidi 14 mmol/L, pima ketoni. Zikiwapo, usiitegemee pampu, bali mpe dozi ya insulini ya kurekebisha sukari kwa sindano kama daktari wake alivyoelekeza kwa maandishi, kisha badilisha kanula na mrija. Akitapika au akihema kwa nguvu, apelekwe hospitali usiku uleule, hata kama matroni anashauri kusubiri asubuhi.

Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, upime tena baada ya dakika 15. Akizimia, usimpe chochote mdomoni. Simamisha pampu na mkimbizeni hospitali.

Joto la Oktoba nalo huharibu insulini. Chupa za akiba zikae kwenye jokofu, na umeme ukikatika, chungu cha udongo kilichowekwa kivulini na kulowanishwa kwa nje husaidia sana. Waombe wazazi sindano na betri za ziada wiki hii, wala usingoje mkutano wa wazazi.