Kijana Wangu Hainui Macho Kwenye Simu, Nifanyeje?

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Mikindani na ninafanya biashara ya samaki wa kukaanga. Mwanangu wa kwanza ana umri wa miaka 16 na yuko kidato cha tatu. Baba yake, ambaye kazi yake iko Dar es Salaam, alimnunulia simu msimu wa korosho uliopita baada ya malipo ya mnada kuingia, na tangu hapo kijana nimempoteza. Akitoka shule anajifungia chumbani, anacheza gemu au anatazama video mpaka usiku wa manane. Nikimwita kula anajibu "nakuja" na haji. Nikimuuliza habari za shule anajibu "nzuri" na mazungumzo yanaishia hapo. Nimemgombeza, nimeificha simu, na kila nikiificha ananinunia. Je, niichukue moja kwa moja, au iko njia nyingine?
Mama wa Mikindani

JIBU: Dada yangu, umeuliza kuhusu simu, lakini karibu kila sentensi ya barua yako inamhusu kijana ambaye humpati tena kwa maneno, na hilo ndilo nitakalolijibu zaidi. Ukiichukua simu leo, atakaa chumbani bila simu, na bado atakujibu "nzuri".

Kabla ya kumhukumu, ni haki tukumbuke anachopambana nacho. Katika umri wake mwili wenyewe huchelewesha usingizi kuliko ulivyokuwa akiwa mdogo, na sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia huendelea kukomaa mpaka baada ya miaka 20. Programu za video nazo zimetengenezwa ili video moja ikiisha nyingine ianze yenyewe, kwa hiyo hakuna mahali ambapo mtazamaji anafika na kusema amemaliza. Mwaka 2023 TikTok iliweka kikomo cha dakika 60 kwa siku kwa watumiaji walio chini ya miaka 18, lakini kijana akikifikia anaweza kuingiza namba ya siri na kuendelea kutazama. Kujizuia huko tunakomdai kijana, watu wazima wengi wenye bando hatukuwezi, nami nimo.

Sasa tuyatazame maswali unayomuuliza. "Habari za shule" ni salamu, naye anaijibu kama salamu. Yanayofuata nyumbani mwetu kwa kawaida ni "umekula?", "umefua?", "mbona bado una simu?", na yote hayo ni ukaguzi, ambao mtu yeyote huujibu kwa ufupi ili umalizike. Jaribu kukaa karibu naye akiwa anacheza, kwanza bila kusema neno, kisha uulize juu ya kile unachokiona: huyu unayecheza naye ni nani, kwa nini umejificha hapo, umejifunza wapi mbinu hiyo. Huhitaji kuipenda gemu, wala usijifanye unaipenda, kwa sababu vijana huutambua unafiki wa wazazi upesi sana. Inatosha kutaka kwa dhati kujua yeye anapendea nini.

Ukikaa hapo utagundua jambo ambalo pengine limewagombanisha bure. Katika gemu kama Free Fire, wachezaji 50 hutua katika kisiwa kimoja na kupambana mpaka abaki mshindi, na mara nyingi kijana huwa katika kikosi na wanafunzi wenzake. Mchezo huo hauwezi kusimamishwa katikati, na anayetoka anawaacha wenzake wakipungukiwa mtu. Kwa hiyo "nakuja" ya mwanao huenda si kiburi. Ni ahadi ambayo hawezi kuitimiza mpaka mchezo uishe. Badala ya kumwita mara tano, mwendee umuulize, "Huu umebakiza muda gani?" Akikujibu, msubiri, na ukiisha umdai aje mezani bila kuanza mwingine. Umeheshimu jambo lake, nawe utakuwa na haki ya kudai aheshimu la kwako.

Nakuomba pia ujizuie katika jambo moja gumu. Akikueleza kwa furaha kwamba amewashinda wenzake, usimwambie kwamba angesoma kwa bidii hiyo angekuwa wa kwanza darasani. Maneno hayo yanaweza kuwa ya kweli, lakini hufunga mazungumzo kwa wiki nzima.

Vijana wengi, wavulana hasa, huzungumza vizuri zaidi wakiwa wanafanya kazi na mtu kuliko wakiwekwa kitako wahojiwe. Huku kwetu kusini ipo kazi inayofaa mno. Jioni moja wekeni korosho ghafi katika karai kuukuu juu ya moto wa nje, mkae upande ambao moshi hauelekei, kwa sababu mafuta ya ganda huunguza ngozi na moshi wake huumiza macho. Mwachie yeye kazi ya kuzikoroga kwa mti mrefu. Zikishika moto na kuiva, mwageni chini mzifunike kwa mchanga zizimike, kisha kaeni na mawe muanze kubangua. Vidole vikishajaa masizi hakuna anayeshika kioo cha simu, yeye wala wewe unayepokea oda za samaki kwa simu, na hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake machoni. Usianzishe mada nzito. Mkibangua kimya siku ya kwanza, si hasara, mtakula korosho.

Kuhusu sheria, ningeanza na moja tu, ya usiku. Kijana wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na hataupata akilala na simu chini ya mto. Kubalianeni saa ambayo simu zote za nyumba, pamoja na yako, zitawekwa sebuleni zikichajiwa. Mpigie baba yake kwanza mkubaliane, asije mnunuzi wa simu akaitengua sheria kutoka Dar es Salaam. Kama kijana ana mjomba anayemwamini, mshirikishe pia. Katika jamii zetu za Wamakonde, Wamwera na Wayao sauti ya mjomba ina uzito, ilimradi asiitwe kuja kutisha.

Iwapo utaona kwa wiki kadhaa amewaacha hata rafiki zake, hali chakula vizuri na hapati usingizi, usiishie kuilaumu simu. Nenda naye kituo cha afya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, azungumze na mtaalamu.

SWALI: Ninaishi Lindi mjini na mpwa wangu wa kike mwenye miaka 14. Ujumbe ukiingia anaigeuza simu kifudifudi. Je, nisubiri alale niusome?
Mjomba, Lindi

JIBU: Kaka yangu, usiusome kwa kuvizia. Kuigeuza simu hakuthibitishi lolote, kwani wasichana wa umri huo huficha hata maongezi kuhusu nywele, lakini akikugundua hatakuamini tena, na siku ya hatari atakuficha. Mwambie mchana, kwa utulivu, kwamba mtu mzima akimwomba picha, akimtumia vocha au fedha, au akimtisha, akuambie, na kwamba hatapigwa wala hatanyang'anywa simu kwa sababu amesema. Hofu ya kunyang'anywa simu ndiyo inayowanyamazisha wengi. Kwa kuwa wewe ni mwanamume, mama yake au somo yake, yaani mwanamke anayemfunda, naye amwambie hivyo hivyo, maana yako mambo ambayo hatayasema kwako hata ukiwa mpole kiasi gani.

Jambo kama hilo likitokea, msifute ujumbe wowote wala msijibizane na huyo mtu. Pelekeni simu ilivyo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au mpige 116, namba ya bure ya msaada kwa mtoto, ambayo mpwa wako anaweza pia kuipiga mwenyewe. Muandikie leo mahali atakapoiona.